Kocha Aliyekataza Makofi

Kitu cha kwanza alichokufundisha Kocha ni kukaa chini. Wewe umekuja na raba mpya, umeona kwenye simu vijana wa nchi za watu wakivuka kuta na kurukia mapaa, mchezo wenyewe unaitwa parkour, na umejipanga uruke. Yeye anakutazama toka juu hadi chini, halafu anasema, "Kaa." Unakaa pale vumbini. "Sasa inuka, usishike kitu." Hapo ndipo wengi walipokwama. Nimemwona mwanamume mwenye kifua cha kubebea magunia ya mahindi akihangaika pale chini mpaka jasho likamtoka, na Kocha amefunga mikono nyuma, hacheki wala hamsaidii.

Mimi pia nilishindwa. Nilikuwa na miaka arobaini na moja, fundi cherehani, mgongo umeshazoea umbo la kiti. Nilishika goti, nikashika ardhi, nikainuka kwa kuguna kama bibi kizee mbele ya watoto wa shule. Kocha akaniuliza kilichonileta. Nikamwambia ukweli. Wiki iliyopita nilitaka kuruka mtaro karibu na soko, mtaro ambao nilipokuwa msichana niliuvuka bila hata kuutazama, nikatumbukia na kikapu changu cha nyanya. Dereva mmoja wa bodaboda akaniuliza kama naupima mtaro niushonee gauni. Watu wakacheka sana. Nilirudi nyumbani nikalia, na si kwa sababu ya maumivu.

"Nimechelewa?" nikamuuliza. "Kuna umri wa kuanza mambo haya?"

"Upo," akasema. "Ni siku ile unayoweza kusema hapana huku watu wanakutazama. Wewe umeeleza aibu yako mbele ya hawa watoto wote. Njoo Jumamosi, Fundi."

Tangu siku hiyo akaniita Fundi, na mimi nikamwita Kocha kama walivyomwita wote pale Bigwa, Morogoro, kuanzia wauza mchicha hadi mwenyekiti wa mtaa. Alikuwa mwanamke aliyenipita miaka kama kumi na mitano, mfupi, mkavu, amevaa suruali ya michezo na kitenge juu yake. Mazoezi yakianza alikivua kitenge, akakikunja vizuri, akakiweka juu ya jiwe lilelile la kila siku. Shingoni alining'iniza filimbi. Sikuwahi kuisikia ikilia.

Habari za utoto wake sinazo, na sitajifanya ninazo. Watu walisema alijifunzia jeshini Ngerengere, wengine wakasema alikuwa kwenye kikundi cha sarakasi, na mmoja aliapa kwamba aliwahi kumwona akitembea juu ya kamba. Mwenyewe alisema alijifunzia mlimani, kwa kushusha ndizi. "Ukishashuka Uluguru wakati wa mvua na mkungu kichwani," alituambia, "kuanguka unakujua." Alituonyesha namna wanawake wa kule wanavyoshuka: mguu upande, kisigino kinauliza ardhi kwanza, goti limelegea, na macho hayaangalii pale unapokanyaga ila pale utakapokanyaga baadaye. Mbinu zake zote zilitoka hapo. Vijana waliotaka kupinduka hewani walitumia wiki nyingi wakishuka kijilima kidogo kwa upande na ndoo ya maji kichwani, na wengi wao waliondoka wakitukana.

Kiwanja kilikuwa cha ukoo wake. Kilikaa pale mji unapoishia na mlima kuanzia, na ndani yake kulikuwa na msingi wa nyumba ambayo haikuendelea, mawe makubwa, matairi yaliyofukiwa nusu, na ngazi za udongo alizozichonga kwa jembe. Hakuna ukuta uliozidi kifua cha mtu. Wageni walipoona hivyo walidhani ni mahali pa watoto wa chekechea. Sisi tulioteseka humo tulijua kwamba ukuta wa kiuno, ukiuvuka vibaya, unakutosha kabisa.

Kuhusu umri alikuwa na maneno mengi, na hayakufanana siku zote. Watoto wa miaka saba aliwapokea kwa furaha, lakini aliwafundisha kubiringika tu na kutambaa juu ya mawe, wala hakuwaruhusu kuruka kutoka mahali palipozidi viuno vyao. "Mfupa unaorefuka ni kama ukuta mbichi," alisema, "huupandi." Vijana wa miaka kumi na mitano hadi ishirini aliwaogopa waziwazi. Sisi watu wazima alituogopa zaidi. Alisema mtu wa miaka arobaini haogopi ukuta, anaogopa kuonekana mzee, na kwa hiyo ataruka hata pale ambapo kijana mwenye akili angezunguka. Aliniagiza nipime presha kwanza. Alinikataza kuruka chochote kwa muda mrefu sana, nikawa natembea juu ya ukingo wa ule msingi huku watoto wa darasa la pili wakinipita kushoto na kulia na kunisalimia, "Shikamoo Fundi," kwa adabu iliyoniuma.

Lakini nilijifunza. Nataka hili lijulikane kabla sijafika kwenye uchungu. Siku nilipoketi chini na kuinuka bila kushika kitu nilikuwa peke yangu dukani kwangu, nikafanya tena, nikafanya tena, mteja akanikuta. Mtaro wa sokoni nikauvuka kwa hatua moja na kikapu mkononi. Mwanamke yule aliurudisha mwili wangu mikononi mwangu, na sijui mtu mwingine aliyenipa zawadi ya namna hiyo.

Makofi alikataza kabisa. Mtu akivuka ukuta kwa mara ya kwanza, kimya. Mtu akitua vizuri kama paka, kimya. Mgeni mmoja alijisahau akapiga, Kocha akamtoa nje ya kiwanja kwa upole, akamwambia aende akapige huko barabarani. Simu za kupiga picha nazo zilikaa kwenye kikapu chini ya kile kitenge. Nilipomuuliza sababu alisema mtu akipigiwa makofi anataka kurudia, na anarudia akiwa amechoka, na ndipo anapovunjika. "Mwili unajua umetosheka," alisema. "Makofi hayajui."

Badala ya makofi tulikuwa na kiganja. Ukifika ukingoni ukaona moyo haupo, au mguu haupo, unainua kiganja, unawageuzia wenzako, unarudi nyuma na kushuka taratibu, hata kwa makalio ikibidi. Maana yake: leo hapana. Na sheria ilikuwa kwamba mtu aliyeinua kiganja haulizwi, hatiwi moyo, hapewi pole. Mnakaa kimya mpaka aseme mwenyewe. Kwa Kocha hilo ndilo lilikuwa somo kuu, na kuruka kulikuja baadaye sana. Yeye hakumsifu mtu kwa kuruka, lakini aliyeinua kiganja alimkaribisha chai siku hiyo. Tulikuwa na wajanja waliokuwa wakiinua kiganja kwa ajili ya chai, na aliwajua.

Nikisema hivi ataonekana mtu aliyenyooka, na hakuwa hivyo. Aliogopa ngazi. Ngazi ya kawaida ya mbao, ya kupandia darini, ilimtetemesha, na taa ya nje kwake ilipoungua palikaa giza mpaka nilipoibadilisha mimi. Alitufokea tukificha maumivu, akisema anayeficha maumivu ni mwongo anayejidanganya mwenyewe, na yeye nyonga yake ya kulia ilikuwa imeharibika siku nyingi. Mimi nilijua kwa sababu niliishonea. Aliniletea suruali akasema, "Mguu wa kulia upandishe kidogo, Fundi, kitambaa kimevutika." Kitambaa hakikuwa kimevutika. Mwaka uliofuata akaniambia nipandishe tena kidogo, nikapandisha, sikuuliza. Alikuwa amenifundisha mwenyewe kutouliza.

Na alikuwa na hili jambo la mjomba, ambalo ndilo lililotumaliza.

Mimi ni mtu wa kuja, wazazi wangu walitoka Kondoa, kwetu mtoto ni wa baba yake na hakuna anayefikiria vingine. Kwa Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama, na mwenye kauli juu yake ni kaka wa mama. Mjini mambo hayo yamelegea, kila mtu ameoa kutoka kila mahali, lakini kwa Kocha hayakulegea hata kidogo. Mtoto yeyote aliyetaka kuanza ilimpasa aje na mjomba wake. Baba alikuja, alisalimiwa vizuri, alipewa kiti, halafu aliulizwa, "Na mjomba yuko wapi?" Kuna mfanyabiashara mmoja wa Kihindi, ninanunua vitambaa dukani kwake, alimleta binti yake akitabasamu. Kocha akamng'ang'ania mpaka yule bwana akampigia shemeji yake Dar es Salaam na kuweka sauti ya nje. Shemeji aliposikia "tunahitaji ruhusa yako kuhusu mtoto" akaanza kulia, akidhani kuna msiba. Tulicheka kwa wiki nzima. Nakumbuka kicheko kile na sasa kinanitia hasira.

Rehema alikuja na mjomba wake akiwa na miaka kumi na mitatu. Mama yake ni Mluguru wa Bigwa, baba yake ni Msukuma aliyekuja Morogoro kwa kazi ya kiwandani, zamu za usiku, mtu mpole asiyeonekana sana. Mjomba alivaa koti, akasema, "Nimekukabidhi," akaondoka, na kiwanjani hakukanyaga tena. Rehema alikuwa bora kuliko wote waliowahi kupita pale. Alitua bila sauti. Lakini Kocha alimpendea jambo jingine: alikuwa hodari wa kuinua kiganja. Aliweza kukimbilia ukuta ambao jana aliuvuka, akafika, akasimama, akageuza kiganja, na usoni hakuna hata dalili ya aibu. Siku moja Kocha aliniambia akimwangalia, "Huyu ndiye niliyekuwa namsubiri." Ni mara pekee niliyomsikia akimsifu mtu.

Akiwa na miaka kumi na sita wakaja watu wa tamasha la vijana. Walikuwa na fulana zinazofanana na maspika makubwa. Walitaka msichana wa kuruka mbele ya wageni, kutoka ghorofa ya kwanza ya jengo moja mjini lililokuwa bado linajengwa, kupita uwazi, kutua kwenye ukuta wa chini upande wa pili. Kocha alienda kuuona ule ukuta. Nilikwenda naye. Alisimama muda mrefu, akapapasa zege kwa kiganja.

"Hajafika," akawaambia. "Bado anarefuka. Na mbele ya watu hajawahi."

Wakambembeleza. Wakasema ni nafasi yake, ataonekana nchi nzima. Kocha alichoka nao, nilimwona, na akasema sentensi ambayo ningependa kuirudisha kinywani mwake kwa mikono yangu. "Mimi si mwenye mtoto. Nendeni kwa mjomba wake."

Njiani nikamuuliza kwa nini asiseme hapana moja kwa moja. Akanijibu kwamba amesema hajafika, mjomba atakataa, mjomba gani atakubali. Mjomba alikubali jioni ileile. Walikuwa wamemwahidi kiti cha mbele pamoja na wageni rasmi. Baba yake Rehema hakuulizwa na mtu yeyote, si watu wa tamasha, si mjomba, si Kocha. Mchana alikuwa amelala ili aingie zamu.

Siku ya tamasha nilisimama na Kocha pembeni, karibu na rundo la kokoto. Rehema alipanda, akafika ukingoni, akaangalia chini. Akakaa hapo kidogo. Halafu akainua kiganja, akatugeuzia, akarudi nyuma.

Mimi nilishusha pumzi. Nilidhani imekwisha, atashuka, tutakwenda kunywa chai. Lakini wale watu hawakujua kiganja. Kwanza walicheka, halafu wakaanza makofi, yale ya pamoja, ya taratibu, yanayoongezeka. Mtu wa maspika akawa anaimba jina lake. Na pale mbele, kwenye viti vya plastiki, mjomba akasimama na koti lake.

"Ruka, mama," akamwambia. "Usinitie aibu mbele ya watu."

Rehema hakumwangalia. Alikuwa anatutafuta sisi. Alimwona Kocha, akamkazia macho, na mtu yeyote aliyewahi kufika pale kiwanjani angejua anauliza nini. Nikamshika Kocha mkono. Nikamwambia, "Kocha, mwambie ashuke." Hakuniangalia.

"Mjomba wake yupo," akasema.

Rehema akaruka. Alivunjika kisigino na paja. Watu wa nyuma hawakuona vizuri, kwa hiyo makofi yaliendelea kidogo hata baada ya mama yake kuanza kupiga kelele.

Asubuhi baba yake alikuja Bigwa kutoka hospitali, bado amevaa ovaroli la kiwandani. Nilikuwepo. Kocha alimletea kiti, hakukaa. Hakupandisha sauti, na afadhali angepandisha.

"Mama, nimekuja kuuliza kitu kimoja," akasema. "Mtoto wangu aliruka kwa ruhusa ya nani?"

"Ya mjomba wake, baba."

"Mjomba wake analala kwake? Anamlisha? Jana usiku nani alikuwa amekaa naye wodini, mjomba?"

Kocha akakisogeza kile kiti karibu naye.

"Mimi kwetu," akasema yule baba, "ng'ombe wangu akichukuliwa naulizwa. Ng'ombe." Akakisukuma kile kiti taratibu, akaondoka.

Kikao kiliitwa kwenye ofisi ya mtaa. Mjomba wa Rehema alikaa na koti lilelile, akasema yeye si mtaalamu wa michezo, kocha alikuwepo pale, kama ilikuwa hatari kocha angesema. Watu wakatikisa vichwa kukubali. Niliposimama kueleza habari ya kiganja, niliambiwa nikae, suala ni la wazazi. Watu wa tamasha walikuwa wameshafungasha maspika yao. Nimeishi na hasira ya kikao kile, siifichi. Watoto waliofundishwa bure kwa miaka, mama zao walikuwa wamekaa pale wakiangalia viatu vyao. Mmoja alishonesha kwangu sare ya mwanawe wiki ileile na kuniambia, "Lakini yule mama naye alizidi." Nilimshonea vizuri tu, lakini tangu hapo simsalimii.

Mwisho wa yote mjomba wa Kocha mwenyewe akateremka kutoka mlimani. Hilo watu wengi walilisahau, kwamba naye alikuwa na mjomba. Alikuwa mzee wa ukoo, mwembamba, ana fimbo, na kiwanja kile kilikuwa chini ya kauli yake. Alikaa juu ya jiwe la kitenge. Hakuuliza maswali mengi. Akasema jina la ukoo limepelekwa kwenye vikao vya mtaa, kiwanja kifungwe, na Kocha asimfundishe tena mtoto wa mtu kuruka wala kuanguka.

Kocha alikuwa amepiga magoti mbele yake, na kupiga magoti kwa ile nyonga najua kulimgharimu.

"Nimesikia, mjomba," akasema.

Nilitaka apinge. Nilitaka asimame, amwambie mzee kwamba hapana, leo hapana, ainue kiganja chake kama alivyotufundisha. Mwanamke aliyetumia maisha yake kuwafundisha watu kukataa mbele ya macho ya wenzao, siku yake ilipofika hakuwa na neno. Nilimwambia hivyo baada ya mzee kuondoka, tena kwa ukali. Akanijibu kwamba aliwaambia watu kauli ya mjomba ni ya mwisho ilipohusu watoto wao, na hawezi kuibadilisha kwa sababu sasa inamhusu yeye. Alisema bila kulia. Mimi ndiye niliyelia, na nilimchukia kidogo, na bado namchukia kidogo nikikumbuka.

Akahamia juu, kwenye mashamba ya kabeji. Mjini vijana waliendelea kuruka, maana simu hazikufungwa. Wanaruka kwenye kuta za makaburi na madaraja ya reli, wanapigiana makofi, na hakuna anayewaambia wakae chini kwanza.

Mwaka huu, msimu wa baridi, baba yake Rehema aliingia dukani kwangu. Nilidhani kaleta nguo. Alisimama mlangoni akizungusha kofia mikononi.

"Dada Fundi," akasema, "yule mama bado mnawasiliana?"

Rehema sasa ni msichana mkubwa. Anachechemea, lakini mfupa uliunga, na daktari alisema anaweza kutembea popote. Hatembei. Ngazi hashuki bila kushikwa, mtaro hauvuki, mvua ikinyesha hatoki. Anaogopa kuanguka kiasi kwamba amekataa chuo kwa sababu madarasa yako ghorofani. Baba yake amejaribu kila mtu. Na Rehema amemwambia kwamba kuna mtu mmoja tu anayeweza kumfundisha.

"Mwambie mimi baba yake nimesema," akaniambia. "Mama yake amesema. Huyo mjomba nimempeleka mwenyewe nikamsimamisha mbele ya Rehema, naye kasema. Sote tumesema. Aje tu."

Sikungoja. Nilijua kwamba siku za soko Kocha huteremka na kabeji, nikamsubiri Bigwa, pale kilipokuwa kiwanja. Mjomba wake alikuwa amefariki, na aliyerithi nafasi yake alikuwa anajenga vyumba vya kupangisha. Ule msingi wetu umefukiwa. Mafundi ujenzi walikuwa wamekaa juu ya tofali wakila mihogo.

Alifika na fimbo. Kabeji alikuwa ameshaziuza, mzigo hakuwa nao, na bado alitembea kwa kuinama upande. Nikamwamkia, akafurahi kuniona, akanishika mashavu. Nikamweleza yote bila kupumua: Rehema, ngazi, chuo, baba yake na kofia yake. Nilimweleza huku natabasamu kama mjinga, nikidhani nimemletea maisha yake mkononi.

Alisikiliza mpaka mwisho. Jina la Rehema lilimfanya afumbe macho.

"Mjomba alisema nisimfundishe mtoto wa mtu kuruka wala kuanguka," akasema.

"Mjomba amekufa, Kocha."

"Ndiyo. Na neno lake hakulifuta."

"Aliyemrithi si yupo? Huyu anayejenga hapa. Kamwombe alifute."

"Nilimwomba." Akaviangalia vile vyumba. "Akaniambia nikimfundisha hata mtu mmoja, watu watakumbuka, wapangaji hawatakuja."

"Rehema si mtoto tena. Na haruki. Anataka kushuka ngazi tu. Kocha, anakusubiri wewe."

Kwa dakika nzima nilidhani atakubali, nasema kweli, niliona mguu wake wa kushoto ukigeuka kuelekea mjini. Halafu akajifunga kitenge vizuri, akaanza kuondoka kuelekea mlimani.

Kati ya kiwanja na njia ya mlimani sasa kuna mtaro mpya, wameuchimba mafundi kwa ajili ya maji ya mvua. Ni mdogo, zamani angeuvuka akiwa na mkungu kichwani. Alisimama ukingoni. Nikakimbia nimpe mkono, akaukataa kwa kichwa. Akatupa fimbo ng'ambo, akaketi kwenye ukingo, akashuka kwa makalio, mguu mmoja, halafu mwingine, kisigino kikiuliza ardhi. Akapanda upande wa pili kwa mikono na magoti. Ilichukua muda. Mafundi waliacha kula. Alipofaulu kusimama, mmoja wao akaanza kupiga makofi, na wenzake wakadakia wakicheka.

Nilimwita. Nikasema jina la Rehema tena, kwa nguvu, juu ya yale makofi.

Akageuka. Akainua kiganja chake, akanigeuzia, akakishikilia hapo. Nami nikanyamaza, kwa sababu ndivyo nilivyofundishwa. Mafundi wakadhani anawapungia, wakaongeza makofi.